Mwalimu wa Kwaya na Mwimbaji Mpya wa Wajerumani

Mwalimu wetu wa kwaya hakupenda kelele. Naanza na hilo kwa makusudi, maana kila aliyewahi kupanda gari lake atabisha. Lakini ndivyo alivyokuwa. Mtu akiburuta kiti wakati wa mazoezi, yeye alifumba macho kama aliyefinywa, na ngoma za kanisani alizifunika kwa taulo ili zisizidishe. Kisha mazoezi yakiisha aliingia garini, na humo ndani, redioni, Wajerumani wenye nywele za kufika kiunoni wakaanza kupiga magitaa kwa kasi ya watu waliochelewa ndege, na mmoja wao akalalamika kwa sauti ya juu kabisa kuhusu joka. Mwalimu aliendesha taratibu, mikono yote miwili kwenye usukani, tai shingoni, uso umetulia.

Jina lake nalijua, lakini hatukulitumia. Alikuwa Mwalimu, basi. Alikuwa Mgoa, wa asili ya Goa kule India, mmoja wa wale Wakatoliki waliotoka kwetu Afrika Mashariki na Kiswahili safi kuliko cha wengi wetu, karani mstaafu, mjane. Ya nyuma zaidi sikuyauliza, naye hakuyasema. Mimi niliimba sauti ya pili kwenye kwaya yake ya misa ya Kiswahili hapa Toronto, na kwa miaka mingi alinipitia kila Jumamosi pale Rexdale, kwenye kituo cha basi cha barabara ya Kipling, tukaenda mazoezini Thorncliffe Park. Mabasi yalikuwepo. Ila Mwalimu aliamini kwamba mwimbaji akisimama kwenye baridi ya Januari anafika na koo lililofungwa, na koo langu alilihesabu kuwa mali ya kwaya.

Muziki wenyewe aliupata kwa bahati mbaya. Alinunua gari kuukuu la kijivu, na ndani ya redio yake mwenye gari wa kwanza alikuwa ameacha CD iliyokwama. Haikutoka kwa kubonyeza, haikutoka kwa kisu cha siagi, na redio haikushika stesheni yoyote. Ukiwasha injini, Wajerumani wanaanza. Kitufe cha sauti kilipunguza, hakikuzima. Fundi alisema kuitoa ni lazima avunje dashibodi. Mwalimu akaona kuvunja kizima kwa ajili ya kibovu si busara, akaondoka na Wajerumani wake. Majira ya baridi ya kwanza aliwavumilia tu, kama mpangaji uliyemkuta kwenye nyumba. Theluji ilipoyeyuka alikuwa tayari ananipa darasa.

"Mama Doreen, sikiliza hapo kwenye kiitikio. Sauti ya tatu haifuati. Inapinga. Unaiona adabu hiyo?"

"Mwalimu, mimi nasikia mtu anachinjwa."

"Huyo ni sauti ya kwanza. Mwache amalize. Sikiliza chini yake."

Nilisikiliza chini yake. Nilikuwa nimetoka zamu ya kiwandani karibu na uwanja wa ndege, masikio yamejaa mashine, halafu naingizwa kwenye mashine nyingine. Sikuupenda muziki ule na sitajisingizia leo kwamba niliupenda. Ila kweli, chini ya yule mtu wa kuchinjwa kulikuwa na watu wanne wanaoimba vizuri mno, kila mmoja na njia yake. Binti yangu Doreen, siku moja tulipokuwa naye kiti cha nyuma, alisema kwa Kiingereza kwamba muziki huo husikilizwa na wavulana wasio na marafiki. Mwalimu akamjibu kwa Kiswahili, bila kugeuka, kwamba hata manabii hawakuwa na marafiki wengi.

Jina la bendi silitaji kwa sababu halikai mdomoni mwangu. Yeye alilitamka kwa heshima, pole pole, jinsi anavyotamka mtu jina la shemeji yake.

Mazoezi yalianza saa nane mchana, na saa nane mlango ulifungwa kwa ufunguo. Mwaka mmoja alimfungia nje paroko, aliyekuwa amekuja kutusalimia tu, akamwacha kwenye theluji mpaka wimbo ulipoisha. Paroko akasema alikuwa amegonga sana.

"Nilikusikia, Baba," Mwalimu akasema. "Ulikuwa unagonga nje ya mapigo."

Alitufundisha kwa nota za do-re-mi, zilizoandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa za ukutani, kila sauti na rangi yake. Alikuwa na maneno yake ambayo kwaya nzima iliyajua. "Usiimbe kwa shingo, shingo ni ya tai." Kwa sauti ya nne, ambako Otieno alikuwa akinguruma peke yake kabla hajapata wenzake, alisema, "Nyinyi ni msingi wa nyumba. Hakuna anayealikwa kuja kutazama msingi." Otieno, Mkenya wa Kisumu, dereva wa lori, hakukasirika. Alisema kwao ukitukanwa hivyo unajua umeajiriwa.

Hakuwa mtu wa kubembeleza. Mwimbaji mmoja wa sauti ya kwanza alipolazwa, Mwalimu alimtembelea hospitali, akasimama kando ya kitanda, akasikiliza mashine kwa muda, kisha akamwambia mgonjwa kwamba inaimba fa, lakini fa iliyochoka. Mgonjwa alicheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini. Sijui kama Mwalimu alikusudia. Nilipomuuliza alisema alikuwa anatoa taarifa.

Lakini mama yangu alipofariki Morogoro, nami sikuweza kusafiri kwa sababu karatasi zangu zilikuwa hazijakamilika, Mwalimu alikuja nyumbani. Hakusema pole. Aliuliza mama alipenda wimbo gani. Nikamwambia. Akasimama katikati ya sebule yangu, amefunga vifungo vya sweta, akauimba wote tangu mwanzo hadi mwisho, beti ambazo hata mimi nilikuwa nimezisahau. Sauti yake ilikuwa nyembamba, kavu kidogo mwanzoni, kisha inapanda na kufunguka. Akanywa chai, akaondoka. Nililia nikashindwa hata kumfungulia mlango. Alijifungulia mwenyewe. Kwa jambo hilo nilimpenda, na namsema hapa nikiwa nampenda, msije mkadhani namcheka tu.

Sasa niwaambie kuhusu wimbo wake. Alitunga nyimbo nyingi, zote akaziandika kwenye zile karatasi. Mmoja tu hakuuandika. Ulikuwa wimbo wa matoleo, tuliouimba sikukuu kubwa: sisi tunaitikia, yeye anaimba beti peke yake juu yetu. "Pokea mikono yetu, imepasuka kwa baridi, hatukuja na kingine." Ndivyo ulivyoanza. Ulikuwa wimbo wa watu wa zamu, watu wa maghala na viwanda na nguo chafu za hoteli, na aliyeutunga alikuwa karani aliyeshika kalamu maisha yake yote. Sijui alivijuaje viganja vyetu. Labda aliviona tulipokuwa tunashika karatasi. Kiitikio alitufundisha kwa mdomo. Beti hakumfundisha mtu.

"Kwa nini niziandike?" alisema nilipomuuliza. "Mwimbaji anazijua."

Na ule wimbo ndio uliotuletea aibu ya Pasaka. Mnajua matoleo yetu yalivyo. Hapa Wazungu hupitisha kikapu na kukaa. Sisi tunacheza toka mlangoni hadi altareni na magunia ya mchele, trei za mayai, ndizi, karatasi za chooni kwa ajili ya nyumba ya mapadri, na mwaka ule mtu alileta hata feni, mwezi wa nne, theluji ikiwa bado kwenye vichaka. Mwalimu akaimba beti zake zote. Zikaisha. Mstari wa wachezaji ulikuwa bado umefika katikati ya kanisa, na mwenye feni ndiyo kwanza anaingia. Sote tukamtazama Mwalimu arudie. Yeye hakuwa mtu wa kurudia; wimbo ukiisha, kwake umeisha. Wachezaji wakabaki wanacheza kimya, miguu tu inasikika, na trei za mayai zinapanda na kushuka.

Hapo Otieno akashikwa na kiherehere. Akaanzisha kitu cha kwanza kilichomjia kichwani, nacho kilikuwa zoezi letu la pumzi. Zoezi hilo tulilifanya kila Jumamosi kwa "la la la", sauti zote nne, na hatukuhitaji karatasi. Kwaya nzima ikamdaka kwa furaha. Nilikuwa nimeshaimba mistari miwili nilipotambua, kwa mara ya kwanza, kwamba zoezi letu la pumzi ni kile kiitikio cha ndani ya gari. Lilikuwa joka. Mwalimu alikuwa amelinukuu kwenye karatasi za ukutani bila kutuambia, na sasa mchele ulikuwa unapelekwa altareni kwa joka la Kijerumani, na akina mama wanapiga vigelegele.

Nilimtazama. Alikuwa amepauka. Kisha akainua mikono akatuongoza mpaka mwisho, kwa sababu hakuweza kuvumilia kuona watu wanaimba bila kuongozwa. Paroko alisema katika matangazo kwamba amekaa Afrika miaka kadhaa, na wimbo ule ulimrudisha kijijini kabisa.

"Mwalimu, ngoma imeweza!" Otieno akamwambia nje, akimshika mkono.

"Sauti ya pili iliingia mapema," Mwalimu akasema, akanitazama mimi.

Hakupenda umbea. Ukianza kumsema mtu garini, alipandisha sauti ya Wajerumani. Lakini umbea wa ile bendi aliujua wote. Alikwenda maktaba, akakaa kwenye kompyuta za bure kati ya wanafunzi, akasoma nani kagombana na nani kule Ujerumani, mpiga gitaa yupi hasemi na mpiga kinanda. Alikuwa amenunua CD zao zote za nyuma. Alizipanga rafu moja na vitabu vya sala.

Jumamosi moja alikuja mazoezini na tai nyeusi.

"Pole, Mwalimu," Otieno akasema kwa unyenyekevu. "Ni nani amefariki?"

"Hajafariki. Amejiuzulu."

Mwimbaji wa Wajerumani alikuwa ameondoka, na mpiga gitaa mmoja amemfuata. Magazeti ya huko, sijui tovuti, zilisema wametofautiana kuhusu mwelekeo. Mwalimu alilirudia neno hilo njia nzima, mwelekeo, kwa sauti ya mtu aliyepewa chenji pungufu. Tai nyeusi aliivaa wiki kadhaa. Kisha wakatangaza mwimbaji mpya, na baada ya mwaka na ushee albamu ikatoka.

Alitualika Otieno na mimi nyumbani kwake kuisikiliza, Jumapili mchana baada ya misa. Alikaa ghorofani Rexdale, sebule safi kabisa, picha ya marehemu mkewe ukutani. Viti vitatu alivipanga mstari mmoja kutazama redio kama tuko mkutanoni. Kulikuwa na sambusa na chai ya tangawizi. Sheria ilikuwa moja: wimbo ukiisha anasimamisha, anasema, ndipo unaanza mwingine.

Wa kwanza ulikuwa mzuri. Mwimbaji mpya alikuwa na sauti nzito, yenye mchanga ndani, na wimbo ulimkaa. "Sawa," Mwalimu akasema. Wa pili yule bwana alipanda mahali pasipokuwa pake na kufika juu amechoka, Mwalimu akafumba macho, akasema, "Masikini." Wa tatu ulikuwa na filimbi na mvua. "Huu sijui waliupitishaje." Wa nne ulikuwa mrefu sana, kuhusu mfalme aliyepotelewa na upanga, na Otieno akala sambusa zake na zangu. Wa tano ukawa mzuri ghafla, mzuri kabisa, chini chini, taratibu, hata mimi nikaacha kikombe. Uliofuata ukaharibika tena. Tukaenda hivyo, tunapanda na kushuka, mpaka mwisho.

Mwalimu akazima redio. Akaweka mikono magotini.

"Mwimbaji hana kosa," akasema. "Zile nzuri wamemwandikia yeye. Zile mbaya wamemwandikia mtu aliyeondoka, kisha wakamsukumia yeye. Wamemvalisha suti ya marehemu."

"Lakini Mwalimu, si wampe tu time?" Otieno akasema. "Ataizoea."

"Utamfinya mtu kwenye suti mpaka lini? Na nasikia jukwaani wanamwimbisha hata zile za zamani, za mwenzake. Hilo sitalisikiliza. Wimbo una mwenyewe. Mwenyewe akienda, uende naye."

Alilisema kama anatamka sheria, na wakati ule tulicheka. Albamu yenyewe aliyoikosoa hivyo aliisikiliza miaka, nyumbani, maana garini haikuweza kuingia. Ukimtajia wimbo wa mvua na filimbi angekuonyesha kosa lake kwa kidole mezani, sekunde kwa sekunde. Sijawahi kuona mtu anayekijua vizuri hivyo kitu asichokitaka.

Kisha shingo yake ikavimba. Ilikuwa tezi, daktari akasema itolewe, ikatolewa, na ugonjwa ukaisha. Ila mshipa wa sauti uliguswa. Alitoka hospitali na mnong'ono tu. Tulisubiri sauti irudi. Wiki zikawa miezi. Haikurudi.

Mazoezini alikuja kama kawaida, akafunga mlango kama kawaida, akatuongoza kwa rula mezani na kwa macho. Beti zilizokuwa zake alianza kumpa Solange, moja moja. Solange alikuwa Mkongo wa Bukavu, mfuaji wa nguo hotelini, mwenye sauti ya kujaza ukumbi bila kipaza sauti. Nota hakuzijua, alijifunza kwa masikio, na alikuwa na tabia ya kuukunja wimbo: mahali unapopaswa kwenda moja kwa moja, yeye anapita kwa jirani kwanza. Mwalimu alimnyoosha kwa rula. Alimtendea haki, lazima niseme. Alimpa kila kitu, isipokuwa kimoja.

Pasaka ilipokaribia, tulikaa tukimsubiri aseme kuhusu wimbo wa mikono. Akatikisa kichwa. "Chagueni mwingine."

"Mwalimu, mi naweza kujaribu ile wimbo," Solange akasema. Alisema kwa adabu kabisa. "Kama utanionyesha."

"Una mwenyewe," akanong'ona.

"Mwenyewe njo wewe. Na hauimbe tena."

Mwalimu aliiweka rula mezani, akainyoosha ikalingana na ukingo.

"Basi na wimbo wenyewe utanyamaza."

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia sana, na nilimwambia garini, nikilazimika kupaza sauti juu ya Wajerumani. Nilimwambia wimbo ule ni wa mikono yetu, si wa shingo yake. Yeye haimbi, hajauandika, hataki kufundisha. Akifa leo, tutabaki na kiitikio kisichoitikia chochote. Alinishusha Kipling, akasubiri mpaka nikaingia mlangoni kwangu kama alivyosubiri siku zote, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata alinipitia tena kwa wakati. Hatukulizungumza.

Baadaye ngazi zikamshinda, na binti yake akamchukua kwake Richmond Hill. Otieno akabebeshwa kwaya, kwa kilio. Hakumfungia mtu mlango, na tukaanza kuchelewa sote. Wimbo wa mikono hatukuugusa kanisani, kwa kumheshimu. Ila jikoni, tukiosha vikombe baada ya misa, ulijianzisha wenyewe. Tuliimba kiitikio, tukafika mahali pake, tukanyamaza urefu wa ubeti mzima huku maji yanatiririka, kila mtu anausikia kichwani vipande vipande tu, kisha tukaingia tena kwa pamoja. Kila mwaka vile vipande vilipungua. Siku moja niligundua kwamba mstari wa tatu siujui tena hata kichwani. Niliogopa kuliko nilivyotarajia.

Nilimtembelea mara kwa mara, siku za mapumziko. Tulinywa chai, akauliza habari za kila sauti, nikamdanganya kuhusu sauti ya nne. Wimbo sikuutaja, maana nilijua jibu na sikutaka kulisikia kwa mnong'ono ule.

Kisha binti yake akanipigia simu. "Auntie, Dad anaomba uje Jumamosi. Na anasema umlete yule mama Mkongo. Sijui ni ya nini, he won't tell me."

Tukaenda, Solange na mimi, mabasi matatu. Solange alikuwa amevaa kitenge chake kizuri. Mwalimu alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, amekonda, sweta limekuwa kubwa, tai imefungwa vizuri. Nilipomshika mkono nikajua hatuna muda mrefu naye. Nadhani naye alijua kwamba nimejua, maana aliurudisha mkono wake haraka.

Mezani kulikuwa na kompyuta ndogo ya mjukuu. Akaigusa kwa kidole.

"Nimemwona," akanong'ona. Tuliinama kumsikia. "Yule mpya. Mjukuu ameniwekea tamasha lao hapa. Sasa si mpya tena, amekaa kuliko wa kwanza. Anaimba zile za zamani, za mwenzake."

"Na?" nikauliza.

"Ameziharibu." Akapumzika, akavuta pumzi. "Wimbo baada ya wimbo. Anashuka pale mwenzake alipopanda. Halafu uwanja mzima wanaimba naye, vijana, wameziharibu vile vile. Hawajui kwamba kulikuwa na njia nyingine." Akapumzika tena. "Nilidhani zitamfia mdomoni. Hazikufa, Mama Doreen. Zina afya."

Solange alikuwa anamtazama tu, mikono mapajani.

"Haya," akasema, akanyoosha tai. "Saa ngapi sasa? Tusipoteze pumzi."

Hivi ndivyo tulivyofanya kazi. Yeye alinong'ona nota: so, la, so, mi, urefu wake akiugonga kwa kidole kwenye mkono wa kiti. Mimi niliyezijua nota niliziimba. Solange alichukua toka kwangu, na alipouchukua ndipo ulipokuwa wimbo. Mstari wa kwanza. Wa pili. Nilikuwa ninausikia unarudi mstari mmoja mmoja, kila kipande kinakaa mahali kilipokuwa, na machozi yalikuwa yananitoka nami naendelea kuimba kama mjinga. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na taulo la vyombo.

Mstari wa tatu ndio unaopanda: "hatukuja na kingine". Alininong'onea, nikauimba. Solange akauchukua, na pale juu, badala ya kwenda moja kwa moja, akapita kwa jirani yake kama kawaida yake. Alishuka kidogo, akakaa hapo, akapanda kwa nyuma.

Mwalimu akainua mkono. Solange akakatiza.

"Rudia."

Akarudia, kwa woga, na safari hii akaenda moja kwa moja, nota kwa nota, kama Mwalimu mwenyewe alivyokuwa akiuimba. Nilishusha pumzi.

Mwalimu akagonga kiti. "Sikusema hivyo. Rudia ulivyokosea."

Solange akanigeukia. "Mi nilikosea wapi? Sijui tena vile nilifanya."

Ikabidi nimfundishe kosa lake mwenyewe. Nililiimba pole pole, ile kushuka, ile kukaa, ile kupanda kwa nyuma, naye akinitazama mdomo, akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Akafumba macho akauimba mstari wote, sauti yake yote, mpaka kioo cha dirisha kikatetema. Mwalimu alikuwa ameegemea nyuma. Midomo yake ilikuwa inamfuata, bila sauti, ikishuka pale pale aliposhuka.

Wimbo ukatulia.

"Ubeti wa pili," akanong'ona, akatega kidole tayari kugonga. "Na huo ukosee vivyo hivyo."